Hilux Vigo D-4D (1KD) haina nguvu mlimani na inatetemeka kwenye sailensi: nianzie wapi kupima?

Mbuyuni255

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kupima, si wa kubahatisha. Gari ni Hilux Vigo ya 2008, injini 1KD-FTV ya lita 3.0, gia za mkono, km 241,000.

Ikishapata moto, kwenye sailensi (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) inatetemeka mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Mshale wa RPM hautulii, unapanda na kushuka kati ya 650 na 850. Asubuhi inachelewa kuwaka, starta inazunguka sekunde 6 hadi 8, ikishika inatoa moshi mweupe kidogo halafu unakata.

Barabara ya tambarare inatembea vizuri tu. Ikipakia kilo 700 hivi na kuanza kupanda Kitonga, gia ya tatu ikifika RPM 2,500 inagoma kuvuta, taa ya cheki injini inawaka na gari inabaki inatambaa. Ukizima na kuwasha nguvu inarudi, kona mbili tatu mbele inarudia yale yale. Tangi likiwa chini ya nusu ndiyo inazidi. Moshi mweusi hakuna.

Kodi ya hitilafu iliyosomwa ni P0087 peke yake, yaani presha ya dizeli kwenye reli iko chini mno. Filta ya dizeli na ya hewa ni mpya, hazijafikisha km 2,000. Gereji ya kwanza imesema nozeli zote nne zimekufa, ya pili imesema SCV. Hakuna iliyopima chochote zaidi ya kusoma kodi. Mashine inayoonyesha namba za papo kwa papo naweza kuazima. Nipime nini kwanza, na namba zipi ni za kuamini?

SpeaKwaSpea

Mkuu, SCV hiyo. Ni ile valvu ndogo iliyofungwa kwa bolti mbili mgongoni mwa pampu, ndiyo inayopimia pampu dizeli ya kusukuma kwenye reli, lile bomba nene linalogawia nozeli dizeli yenye presha. Sindano yake ikianza kukwama kwa uchafu, RPM inapanda na kushuka hivyo hivyo ulivyoeleza. Chomoa soketi upime ukinzani: ikiwa baridi, nyuzi 20 hivi, iwe kati ya omu 1.9 na 2.3. Ila ikisoma vizuri bado haijapona, kwa sababu mita inapima koili tu, haioni sindano inayokwama ndani. Badilisha, paka dizeli safi kwenye oringi, ingiza bolti zote mbili kwa vidole kwanza ndipo ukaze kidogo kidogo huku na huku. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine oringi inakatika na pampu inaanza kuvuja. Na baada ya kufunga, kompyuta ya injini inatakiwa ijifunze upya pampu kwa mashine.

NozeliNaPampu

Mkuu Mbuyuni, usinunue kitu bado. Aliyosema SpeaKwaSpea kuhusu SCV ni kweli, lakini dalili zako zina magonjwa mawili, na kila gereji imeshika moja ikaliita jibu.

Anza na mtetemo wenyewe. Gari ya moto, AC imezimwa, kaa kwenye kiti, macho kwenye mshale wa RPM na mkono mmoja umeegemea usukani. Mshale ukipanda na kushuka taratibu kama mtu anayehema, shida inagusa silinda zote: presha ya reli haitulii. Mshale ukitulia lakini usukani unadunda kwa mapigo yale yale bila kuacha, kuna silinda moja haifanyi kazi sawa na nyingine. Wewe umetaja mshale unaocheza na pia mtetemo wa kutikisa kioo. Mshale kuyumba peke yake mara nyingi hautikisi kioo kiasi hicho.

Sasa kuhusu nguvu. Sentensi yako iliyonisimamisha ni ya tangi chini ya nusu. Nozeli mbovu haijui tangi lina lita ngapi, wala SCV haijui. Kinachojua ni bomba la kuvutia dizeli.

Kwenye Vigo hii hakuna pampu ya umeme ndani ya tangi. Pampu ya Denso HP3 inajivutia yenyewe dizeli kutoka tangini kupitia filta. Kwa hiyo njia yote kutoka tangi mpaka pampu iko kwenye mvuto, haina presha. Ikipata ufa haimwagi dizeli nje, inanyonya hewa ndani. Unaweza kulala chini ya gari saa nzima unatafuta tone usilione. Bomba la ndani ya tangi likiwa limeliwa na kutu sehemu ya juu, tangi likijaa tundu linazama kwenye dizeli na gari inavuta kama kawaida. Dizeli ikishuka chini ya tundu, pampu inavuta dizeli na hewa pamoja. Kwenye sailensi pampu inahitaji kidogo, hivyo hewa inaonekana kama mshale unaoyumba. Mlimani na mzigo inahitaji dizeli nyingi, na hewa haisukumiki kama dizeli, ndipo presha inaanguka na kompyuta inaandika P0087 na kupunguza nguvu ili kulinda injini.

Kuna njia tatu za kuhakikisha, zote rahisi.

Asubuhi kabla ya kuwasha, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya kichwa cha filta. Njia ikiwa nzima inakuwa ngumu baada ya mibonyezo miwili mitatu. Ikihitaji kumi na tano na zaidi, dizeli ilirudi tangini usiku na nafasi yake ikajaa hewa. Hilo pia linaeleza kwa nini starta inazunguka sekunde 8.

Pili, weka mpira unaoonyesha ndani, sentimita 30 hivi, kati ya filta na pampu, ufunge kwa klipu pande zote mbili. Washa, acha dakika tatu hewa ya kufungulia iishe, halafu panda RPM 2,500 na uangalie. Kiputo kimoja kimoja cha mwanzo si kitu. Mstari wa viputo usiokatika, kama soda, ndio ugonjwa.

Tatu, na hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi: lisha injini kutoka kwenye dumu. Dumu la lita 10 lenye dizeli safi, mpira mmoja uende kwenye mlango wa kuingilia wa filta, na mpira wa mafuta ya kurudi uingie kwenye dumu hilo hilo. Kifuniko kiwe na matundu matatu, mawili ya mipira na moja la kupumulia. Lifunge imara, mbali kabisa na turbo na ekzosi. Endesha dakika 5 hadi 10 tu, kwa sababu dizeli ya kurudi ni ya moto na inapasha dumu haraka.

Kwenye mashine, fungua presha ya reli inayotakiwa na presha halisi, uzitazame pamoja. Sailensi ya moto ni kati ya MPa 30 na 40, na mzigo mzito kompyuta inaweza kuomba hadi karibu MPa 160. Halisi ikibaki nyuma kidogo wakati unakanyaga ghafla ni kawaida. Ikibaki nyuma na kuendelea kuporomoka wakati mguu umetulia, pampu haipati dizeli au kuna mahali inapotea. Rekodi mlima ule ule mara mbili, kwanza kwa tangi, kisha kwa dumu.

Halafu soma masahihisho ya nozeli, silinda ya 1 hadi ya 4, injini ya moto kwenye sailensi. Hizo ni milimita za ujazo kwa kila mpigo ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza ili silinda zote zisukume sawa. Ndani ya -3.0 na +3.0 iache. Ikizidi upande wa kuongeza, silinda hiyo ni dhaifu na kompyuta inaibeba. Ikizidi upande wa kupunguza, nozeli inamwaga kupita kiasi. Lakini usiisome wakati presha ya reli inayumba, namba zitakudanganya. Soma ukiwa kwenye dumu.

Jambo moja la usalama nalisema kwa uzito: usilegeze nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inafanya kazi ili kusikiliza silinda ipi imekufa, kama ilivyokuwa kwenye injini za zamani za Toyota kama 2L au 1HZ. Hapa presha inafika baa 1,600. Ule mchirizi unapenya ngozi na dizeli inabaki ndani ya nyama. Kutafuta silinda iliyolala, zima nozeli moja moja kwa mashine.

Eldoret4x4

Naongeza mambo mawili kutoka Kenya, kaka.

La kwanza ni dizeli yenyewe. HP3 na nozeli zinalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, hazina oili nyingine. Ikichanganywa na mafuta ya taa inakuwa nyepesi, ikipata moto inapenya kwenye nafasi ndogo za pampu na nozeli, na presha inashuka bila kitu kuvunjika. Huku kwetu mwaka 2018 mafuta ya taa yaliwekewa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili kukata faida ya mchezo huo. Hidromita ya mafuta inasaidia: dizeli nzuri iko karibu 0.82 hadi 0.86, mafuta ya taa 0.78 hadi 0.81. Chukua sampuli kutoka chini ya filta, kwenye chupa ya kioo, iache usiku mmoja. Maji yatakaa chini, na ukiona utando mweusi unaoteleza kati ya maji na dizeli, tangi lina uozo na chujio lake nalo limeshaziba.

La pili ni hewa, usiiruke hata kama moshi mweusi hakuna. Washa swichi bila kuwasha injini, soma presha ya manifoldi, yaani ya hewa inayoingia kwenye injini. Dar iwe karibu kPa 101, Iringa karibu 84, Eldoret karibu 78. Ukiwa Iringa na sensa inasema 100, inakudanganya kabla hata safari haijaanza. Kwenye mzigo kamili ipite 200. Intakula ya Vigo, kile kipoza hewa ya turbo, iko juu ya injini, kwa hiyo mipira yake iko mbele ya macho yako: tafuta sehemu yenye oili mbichi na vumbi limeganda hapo, ndipo inapopumulia. Mkono wa turbo nao, mtu mmoja azungushe swichi na mwingine atazame, uende na urudi bila kusita.

Kwa EGR, valvu inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, chomoa mpira wake mdogo wa vakyumu, uzibe, usikilize sailensi. Ikitulia hapo hapo, valvu haikuwa inafunga.

Mbuyuni255

Asanteni sana wakuu. Nimepima vyote, majibu haya hapa.

Pampu ya mkono asubuhi: mibonyezo 22 ndipo ikawa ngumu, na siku hiyo iliwaka sekunde 2. Mpira unaoonyesha: viputo mfululizo, tangi likiwa robo. Baada ya kujaza tangi viputo vikapungua sana lakini havikuisha.

Reli kwenye sailensi, kwa tangi: inayotakiwa 34, halisi inacheza 29 hadi 41. Mlimani gia ya tatu: inayotakiwa 135, halisi 92 na inaendelea kushuka, taa ikawaka.

Kwa dumu, mlima ule ule: inayotakiwa 135, halisi 131 hadi 136. Nguvu imerudi yote. Sailensi 34 kwa 34, mshale umetulia kwenye 750.

Lakini mtetemo upo bado, sasa ni mapigo kama ulivyosema. Masahihisho ya nozeli nikiwa kwenye dumu: silinda 1 -0.8, silinda 2 +3.9, silinda 3 -1.7, silinda 4 -1.3.

Presha ya manifoldi na turbo ziko sawa. EGR nikiziba hakuna tofauti. Hidromita 0.84, chupa safi.

Je, nihamishe nozeli ya 2 niiweke silinda 3 nione kama namba inafuata?

NozeliNaPampu

Kazi nzuri. Umeokoa SCV na umeokoa nozeli tatu.

Ugonjwa wa kwanza umejulikana: hewa inaingia kati ya tangi na filta. Kwa sababu viputo vinabadilika kulingana na kimo cha dizeli, tundu kubwa liko ndani ya tangi kwenye bomba la kuvutia. Na kwa sababu havikuisha tangi likijaa, kuna kingine nje, angalia kipande cha mpira kinachounganisha bomba la fremu na filta. Mpira wa umri huo unapasuka chini ya klipu, mahali usipopaona mpaka uivue. Kata sentimita mbili au badilisha wote kwa mpira wa dizeli, si wa maji. Klipu iwe ya kubana duara zima, ile ya waya mwembamba inakata mpira. Ukishusha tangi, safisha na chujio la bomba hilo, na usilitupe ukaacha mdomo wazi kwa kuwa "filta ipo mbele". Bomba lenye kutu usilichomelee, badilisha.

Ugonjwa wa pili ni silinda ya 2. +3.9 inasema silinda ni dhaifu, haisemi kwa nini. Inaweza kuwa nozeli isiyotoa vya kutosha, inaweza kuwa kompresheni. Kuhamisha nozeli ni kipimo kizuri kwenye injini nyingi, lakini kwenye 1KD nozeli zimeshikwa chini ya kava la tapeti. Ukihamisha unafungua kava, unatoa mabomba ya presha, unaweka washa mpya za shaba, unafunga, unapima, halafu unafungua tena. Kwa hiyo kompresheni kwanza, kupitia matundu ya hita plagi, bila kugusa kava. Injini iwe ya moto, hita plagi zote nne nje, chomoa soketi za nozeli zote ili isiwake, betri iwe na chaji, zungusha mpaka mshale wa geji uache kupanda. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya silinda. Ikizidi baa 5, nozeli haina kosa na itabidi uangalie valvu na ringi.

Mbuyuni255

Kompresheni: 28, 27, 28, 27.5. Bomba la tangi limekutwa na matundu mawili ya kutu, sentimita 9 kutoka juu, na mpira wa filta ulikuwa na ufa chini ya klipu. Vyote vimebadilishwa, mpira unaoonyesha sasa hauna kiputo hata kimoja.

NozeliNaPampu

Basi ni nozeli ya 2. Toa zote nne zipelekwe kwenye benchi ya komon reli yenye vipimo vya Denso, zipimwe kwenye sailensi, katikati na mzigo kamili, pamoja na mafuta yanayorudi. Anayekuambia atazisugua kwa brashi ya waya na petroli mkimbie, tundu la ncha ni jembamba sana na likikwaruzwa halirudi. Ikibidi kununua ya silinda 2 peke yake, nunua moja, masahihisho ya hizo tatu ni mazuri. Kodi ya fidia iliyoandikwa kichwani mwake iingizwe kwenye kompyuta, kwenye silinda ile ile. Usipoingiza, nozeli mpya inaweza kutetemesha kama ya zamani.

Wakati kava liko wazi yapo mambo mawili usiyaache.

Washa za shaba chini ya nozeli, badilisha zote nne na usafishe kalio lake kichwani mpaka ling'ae. Zikivuja, moshi wa silinda unapita pembeni ya nozeli na kuingia kwenye oili, oili inakuwa lami, lami inaziba chujio la oili kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na injini inakufa kwa kukosa oili. Angalia kuzunguka kila nozeli: masizi makavu meusi yaliyoganda ni ushahidi. Ukiyakuta, shusha sampu utazame chujio, usiishie kumwaga oili.

Na washa za bomba la mafuta ya kurudi, ambalo kwenye injini hii liko ndani ya kava hilo hilo. Likivuja, dizeli inaingia moja kwa moja kwenye oili. Badilisha zote, kisha kabla ya kurudisha kava weka presha ndogo ya hewa kwenye njia ya kurudi, paka maji ya sabuni, utazame mapovu. Mafundi wengi wanaruka hatua hii.

Ukimaliza weka oili mpya na filta yake, karibu lita 7. Chora alama ya kimo kwenye dipstiki. Baada ya km 500 pima gari ikiwa baridi mahali tambarare. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, simamisha gari, kuna washa ya kurudi haijakaa.

SpeaKwaSpea

Nimekubali, nilikimbilia SCV. Mbuyuni, ukinunua washa za kurudi peleka namba ya chesisi dukani, usipeleke mfano uliotoa kwenye gari. Zilizokwisha kubanwa hupungua unene, na mtu akikulinganishia kwa macho utapewa nyembamba.

Mbuyuni255

Nozeli ya 2 kwenye benchi imetoa chini ya kipimo kwenye sailensi tu, mzigo kamili iko sawa. Tatu zilizobaki zimepita. Nimeweka moja mpya na kodi yake, washa zote mpya, kalio la silinda 2 lilikuwa na masizi kidogo hivyo sampu ilishushwa; chujio safi. Masahihisho sasa: -0.4, +0.6, -0.3, +0.1. Kioo cha pembeni kimetulia. Km 500 za oili zinahesabiwa kuanzia leo.